Sikio la Kulia

Mfupa wa sikio la mtoto, mdogo kama punje ya dengu, ulikuwa kiganjani mwa Smadar, ndani ya maabara. Wanaakiolojia walimfukua mtoto huyo Ashkeloni, alikozikwa chini ya sakafu ya nyumba ya kale. Mfupa wa sikio la kushoto maabara ilishausaga ili DNA katika unga wake ionyeshe asili ya mtoto, isipate jibu. Ulibaki huu wa kulia tu.

"Harakisha, dada," mwenzake wa maabara, Mpalestina wa Yafa, alisema. "Akiwa Mkanaani, ni babu yangu. Akiwa Mfilisti, arudi kwao Krete, ng'ambo ya bahari."

"Babu yako ana miezi miwili."

Akacheka, kisha akachungulia dirishani. "Waandishi wa habari wako mlangoni. Wanataka kujua ni wa nani."

"Waambie mama yake hakutaka alale nje."

Smadar akauviringishia mfupa pamba, akachomoa waya wa mashine ya kusagia.