Herufi za Kijivu

Tangu nitimize miaka sitini na mitano, kila ninachoandika kwenye ubao wa jikoni hutokea kwa herufi ndogo za kijivu. Sheria ndiyo hiyo: nyeusi nzito ni ya walio kazini, sisi wazee tusiwachoshe macho.

Leo alfajiri, mwanangu na mkewe wamelala nami nawahi kliniki, niliandika mjukuu wangu asipewe karanga, za jana zimemvimbisha mdomo. Mama yake akampa mkate wa siagi ya karanga.

Nilipowakuta hospitalini, mtoto akitibiwa, mwanangu Shaibu akanigeukia. "Mama, ulijua ukanyamaza?"

"Niliandika. Twende ukasome."

Nyumbani akausogelea ubao, akafinya macho, akasoma. Kisha akafuta kwa kiganja, akaandika kwa nyeusi nzito, mkewe asome tangu mlangoni: Mama hakutuambia.