Nguchiro Agombea Uongozi wa Chuo

Chuo kikuu cha wanyama kilikuwa kando ya kijito, na taka za mabweni zilikuwa zimekiziba kijito hicho. Nguchiro, asiyejua kutulia, akagombea uongozi wa wanafunzi ili akiokoe. Alihutubia kutwa nzima, wapita njia wakampita.

"Unatueleza tu," Kobe akamwambia. "Hujatuuliza kijito kinatuumiza wapi."

Nguchiro akaanza kubisha hodi, mlango kwa mlango. Chura alisema maji yanamwasha ngozi. Bata hakuwa na pa kuogelea. Kila mmoja Nguchiro alimsihi aje na jirani yake kuzoa taka, uchaguzi ukishapita.

Tausi, mpinzani wake, akashinda kwa kura nyingi. Nguchiro akazunguka chumbani mpaka miguu ikamuuma, akiona kazi yake imekwenda bure. Kulipokucha alichukua gunia, akateremka kijitoni peke yake.

Akamkuta Chura, Bata na nusu ya bweni, wamezama hadi magotini, wanazoa.

"Lakini mlimchagua Tausi," akasema.

"Tausi alituomba kura, tukampa," Bata akajibu. "Wewe ulituomba mikono. Lete hilo gunia."