Programu ya Kukoroma

Mwanaidi aliitunga ile programu kwa utani tu. Baba yake, Mzee Shomvi, alikataa katakata kwamba anakoroma, basi akamwekea simu kuukuu kando ya kitanda imsikilize. Mkoromo ukikatika, kompyuta ya sebuleni iliwika kama jogoo mpaka mtu aizime, ili nyumba ijue mzee ameamka na anataka chai. Kila mtu aliicheka, na mzee aliwashinda wote kwa kicheko.

Alasiri moja walipokuja wageni wa posa, mzee akiwa bado amelala, jogoo aliwika.

"Haya, kaka kaamka," akasema Bi Mosi, shangazi yake. "Mimina chai."

Mwanaidi akamimina huku wageni wakicheka. Lakini mlango wa chumbani haukufunguka, wala hakusikia kandambili zikiburuzwa. Jogoo aliendelea kuwika.

"Zima hicho kichekesho chako, mwanangu. Unatuaibisha mbele ya watu."

"Shangazi, baba akiamka hukohoa kwanza."

Akaitua birika, akakimbilia chumbani. Mzee alikuwa amelala chali, midomo imegeuka rangi ya majivu. Meno yake ya bandia yalikuwa yameteleza kooni. Mwanaidi akayachomoa kwa vidole, akamgeuza ubavu, akampiga mgongoni.

"Pumua, baba! Shomvi! Pumua!"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Wageni walikuwa wamejazana mlangoni, hakuna aliyethubutu kuingia. Ndipo mkono wa mzee ukajongea juu ya shuka, ukashika upindo wa kanga ya Mwanaidi, ukauvuta polepole.