Viti Saba

"Mimi, wewe na mwanetu aliyeshaota ndevu. Viti saba vya nini, Badi?" Mwanahawa alimuuliza mumewe. Walikuwa yadi ya magari, mbele ya gari dogo jekundu na kubwa jeupe.

"Mama akija je?"

"Mama yako hajalala kwetu tangu harusi!"

Walianza na lile dogo. Badi, mrefu kama mlingoti, alisukuma kiti nyuma, akarekebisha kioo, akalalamikia magoti. Kisha akaingia lile jeupe, aliloapa kwamba ndiyo kwanza analiona. Hakugusa kiti. Hakugusa kioo. Akawasha.

Mwanahawa akamgeukia dalali, ambaye kimo chake kiliishia kifuani kwa Badi. "Nani kaliendesha mara ya mwisho?"

Dalali akaanza kufuta boneti iliyokuwa safi.

"Ingia basi, mke wangu," Badi akaita.

Mwanahawa akaupita mlango wa mbele, akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa. Kwenye kioo cha dirisha, upande wa ndani, palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto mdogo, yenye mafuta ya maandazi. Akaifunika kwa kiganja chake, akainua uso. Kwenye kioo cha dereva, macho ya Badi yalikuwa yakimtazama.