Mwanamke wa Kwenye Fulana

Dorothée alimkuta yule mwanamke kwenye kamba ya nguo, uani kwake mwenyewe, amechapwa kwenye kila fulana, anatabasamu.

Alikuwa mzuri, ndiyo maana Dorothée alimchukia zaidi. Shingo ndefu, hereni za duara, nywele zimefungwa kwa uzi na kusimama juu ya kichwa, mtindo wa zile siku za kabla ya vita. Rangi ilikuwa bado haijakauka.

Anatole, mume wake, alikuwa fundi wa fulana hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Alinunua fulana nyeupe za mitumba. Picha aliikata kwa wembe kwenye zile karatasi nyeusi ngumu za picha za mifupa zinazotupwa hospitalini, akailaza juu ya nguo, kisha akagonga rangi ya mitumbwi kwa kipande cha godoro. Alichapa samaki, meli ya zamani yenye bomba la moshi, mpiga gitaa mwenye suruali pana. Watu walizipenda. Hata askari wa kizuizi cha barabarani walizipenda, ingawa hawakuwa na mazoea ya kulipa. Lakini siku hizi alichapa mwanamke tu, mwanamke huyo huyo.

"Anatole, uyu bibi ni nani?"

"Ni dessin tu, picha ya kuchora." Hakuinua macho.

"Dessin inavaaka hereni?"

Anatole alitaka kucheka, kisha akaendelea kugonga rangi. Kugonga huko kulimchoma Dorothée kuliko jibu lolote.

Yeye hereni aliziacha zamani. Mwaka ule wa tisini na sita, watu walipokimbia risasi kwenye barabara ya Swima, mkono wa binti yao mdogo ulichomoka kwenye mkono wake katikati ya umati. Walimtafuta mpaka nguvu zikawaishia. Mwishowe Dorothée mwenyewe ndiye aliyesema basi, matanga yawekwe. Alinyoa nywele na hakuzifuga tena. Alikataza jina la mtoto lisitajwe ndani ya nyumba. Hata lile la Mama Ketsia, ambalo mtaa mzima ulikuwa ukimwita, hakuliitikia tena, mpaka majirani wakazoea kusema Dorothée tu. Anatole alitii, hakubisha hata neno.

Nyumba nayo ilichomwa, na kila kilichokuwemo, picha za arusi pamoja na kioo. Alibakiwa na mume. Na sasa, vita vya pili vikiwa bado vinanguruma huko milimani, kuna mwanamke anakuja kumchukua hata huyo, tena bila haya, kwa tabasamu.

Jirani yake Georgette alikuja kutaka fulana moja kwa ajili ya kaka yake. Anatole alimkatalia.

"Iyi haiuzwe hapa," alisema. "Ni ya bantu ba ng'ambo."

Na kweli, aliwapa wenye maboti ya kwenda Kigoma, na wakimbizi waliokuwa wanavuka kwenda makambini, karibu bure. Georgette aliondoka amenuna, lakini kwanza aligeuka akaitazama tena ile kamba.

"Mi uyu mwanamuke nilishamuonaka fasi."

"Wapi? Fasi gani?" Dorothée aliuliza haraka.

"Nasahau. Lakini hapana mugeni. Ni wa hapa hapa."

Basi, mambo yakawa wazi. Ni mtu wa Baraka aliyehamia ng'ambo. Anatole haziuzi hapa kwa sababu watu watamtambua. Anazituma kule ili mwenyewe azione, ajue kwamba anakumbukwa! Dorothée aliona wivu, ugali wa mchana akausukuma pembeni.

"Iko Kigoma, bibi yako?" alimuuliza mumewe.

Anatole aliweka chini kipande chake cha godoro.

"Nikikuambia, utalia tena," alisema. "Na mi sitaki ulie bure."

"Mi nilie? Kwa sababu ya malaya?"

Anatole alichukua fulana zilizokauka akaenda nazo ufukoni.

Dorothée hakungoja. Aliingia kwenye kibanda cha kazi cha mumewe, akachukua ule wembe, akaanza na shingo. Kisha hereni. Kisha macho, moja moja. Ile karatasi nyeusi ilidondoka vipande vipande miguuni pake, naye alifurahi, tena alifurahi sana, kama ambavyo hakuwahi kufurahi tangu vita vianze.

"Hodi," sauti ilisema nje.

Alitoka na wembe mkononi. Uani amesimama msichana, mzigo kichwani, pindo la kitenge limelowa maji ya ziwa. Kifuani amevaa ile fulana. Na juu ya fulana, shingo ni ile ile, macho ni yale yale, mdomo ni ule ule. Dorothée alitazama picha, akatazama uso, akarudia. Ni yeye. Tena mbichi kuliko alivyoogopa.

"Kumbe umekuja mwenyewe!" Alimkamata ukosi wa fulana. "Haukuona bwana ingine huko Kigoma? Mpaka ukuje kwa uyu wangu?"

Mzigo wa msichana ulianguka, lakini hakujitoa.

"Samahani, mama. Mi sijue bwana yako. Iyi nguo niliona muntu anaivaa kule kambini, nikalia mpaka akanipa. Akasema banachapaka iyi picha huku Baraka."

"Na hapa unatafuta nani?"

Msichana alinyoosha fulana iliyokunjamana, akaweka kidole juu ya zile nywele za uzi.

"Natafuta uyu. Ni mama yangu. Zamani, mbele tupotezane, bantu balikuwa banamuita Mama Ketsia."