Safu Iliyofichwa na Dirisha

Wallahi, wanabaraza wenzangu, haya ni kweli tupu, sijatia hata punje ya chumvi.

Mbaruku alikuwa karani wa makaburi ya mji. Bi Rukaya alimjia kwa mwaka wa nne, siku chache kabla ya Ramadhani, akitafuta kaburi la mama yake alisomee dua.

"Yumo kwenye kompyuta, mwanangu," Mbaruku akasema, "ila namba ya kaburi haikuandikwa."

Rukaya akainama kutazama orodha. "Babu, mbona hili dirisha la kompyuta limebanwa? Ukingo wake hauvutiki?"

"Usiguse! Fundi alituonya tusibadilishe kitu humo."

"Na babu ukatii miaka yote minne?"

Akashika mausi, akauvuta ukingo kuelekea kulia. Dirisha likapanuka, ikatokea safu nzima iliyokuwa imejificha: namba za makaburi. Mama yake alikuwa mia mbili na sita. Rukaya akaigusa namba ile kwa kidole, akatoka bila kuaga.

Mbaruku akabaki peke yake akiyatazama majina mengine. Kila jina lilikuwa na namba yake.

Hapo Mzee Sudi akanikatiza mbele ya baraza zima. "Alikuwa peke yake, wewe ulimwonaje? Mbaruku gani! Karani wa makaburi ulikuwa wewe."

Nikawanunulia kahawa wote, wala hawakucheka. Nikaenda nyumbani, nikafungua daftari la wageni niliowarudisha mikono mitupu, nikapiga simu ya kwanza. Ikaita muda mrefu, kisha sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Haloo?"