Kichwani Usiguse

Bibi hakutaka ile negativu isafishwe. Alipoona binti zake wawili wamemzidi kwa maneno, aliitoa mwenyewe kwenye sanduku la bati, ndani ya bahasha iliyogeuka rangi ya chai, akamkabidhi mjukuu wake kwa sharti moja.

“Kichwani usiguse.”

Kishungi alicheka, akadhani ni heshima za wazee tu. Kazi yake ilikuwa hiyo, kusafisha negativu kuukuu na kuziskani, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuharibu hata moja. Alijulikana pia kwa ukaidi wake: hafuti kilichomo kwenye picha, wala haongezi kisichokuwemo. Juzi tu alimrudisha mama mmoja aliyetaka mume wake wa zamani aondolewe kwenye picha ya harusi. Alimwambia yeye anatoa uchafu, na yule bwana, wapende wasipende, si uchafu. Mama akamjibu kwamba anasema hivyo kwa kuwa hajaishi naye.

Negativu hiyo ilikuwa ya babu, na babu hakuacha nyingine. Picha yake ilichapwa baada ya kufariki, ikatundikwa sebuleni, na sasa ilikuwa imefifia kiasi cha kumfanya mgeni aulize kama ni mtu au pazia. Jumapili Bibi angetimiza miaka themanini. Binti zake waliamua apewe picha mpya, kubwa kama mlango.

Babu alikuwa mkata tiketi wa treni, na kofia ya kazi haikumtoka kichwani. Siku ya kupigwa picha aliivua, na kwenye picha hiyo ya ukutani, juu ya paji upande wa kushoto, alikuwa na shungi la nywele nyeupe pe. Mjukuu alizaliwa na shungi kama hilo, mahali palepale. Ndiyo sababu ya jina lake. Ndiyo sababu pia ya kuwa na nyumba.

Miaka ishirini na sita nyuma, Bibi alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Jioni moja alirudi nyumbani kutoka kazini amemshika mkono mtoto wa miaka mitano ambaye hakuna aliyekuja kumchukua wodini. Akasema ni mtoto wa mwanawe wa mwisho, yule aliyeondoka siku nyingi asirudi. Binti zake walikuja juu. Mkubwa alisema nyumba hii haiwezi kulea kila mtoto wa kuokota. Bibi hakubishana. Alimvua mtoto kofia, akamsimamisha chini ya picha, akawaambia waangalie wenyewe.

Wakaangalia, wakanywea. Baba yao alifariki wakiwa wadogo mno wasimkumbuke, lakini picha waliijua. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena mtoto ni wa nani. Shangazi mkubwa ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza, na mpaka leo wakikosana humwambia ana kichwa kigumu kama cha babu yake. Kishungi alilipenda tusi hilo kuliko sifa yoyote.

Ijumaa asubuhi alivaa glavu za pamba, akaishika negativu kwa kingo, akailaza juu ya meza ya taa. Alipuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, akafuatisha brashi laini. Maji hakuyasogeza karibu, maana filamu ya umri ule ikilowa, sura huweza kubanduka. Alilowesha kipande cha pamba kwa spiriti, akajaribu pembeni, akaona haidhuru. Akaanza begani kupanda juu. Kola ikatakata, vifungo vya shati vikahesabika.

Alipofika kichwani alikumbuka sharti, akasita. Lakini picha kubwa kama mlango haifichi kitu, na yeye si mtu wa kuacha kazi nusu. Alipitisha pamba mara moja tu, bila kusugua.

Pamba ikarudi nyeusi.

Kwenye negativu cheupe huonekana cheusi, na hilo alilijua vizuri. Lile doa jeusi juu ya paji la babu ndilo lililokuwa shungi jeupe ukutani. Sasa lilikuwa kwenye pamba. Chini yake nywele za babu ziliendelea kama kawaida, za rangi moja mpaka sikioni.

Aliiskani hivyohivyo, kwa kuwa mikono ilikwishazoea. Mwanamume wa kwenye skrini hakufanana naye hata kidogo. Kishungi aliogopa, ule woga wa mtoto anayesubiri wodini. Wino ulikuwepo mezani, na brashi nyembamba pia; nukta mbili tatu zingetosha. Lakini hakuwa mtu wa kuongeza. Alichapa nakala ndogo, akaenda nayo nyumbani.

Alimkuta Bibi anakunja mashuka. Alimweleza yote kwa pumzi moja: kwamba shungi lilikuwa uchafu, kwamba babu hakuwahi kuwa nalo, na kwamba basi yeye si wa nyumba hii. Angewaambia shangazi zake mwenyewe, kabla ya Jumapili, waamue wanavyotaka.

Bibi aliisogeza picha dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu kama aliyepokea mgeni wake.

“Huyu nilimchana nywele kila asubuhi kwa miaka mitano, kabla hajavaa kofia,” alisema. “Na mashuka ya hospitali nimefua miaka thelathini. Doa nalijua nikiliona, mjukuu wangu.”

Akamrudishia picha, akachukua shuka jingine.

“Sasa kalirudishe palepale, kabla shangazi zako hawajafika.”